Ukienda kula Florence, vuka mto

Njaa ikikubana Florence, Italia, usikae kwenye meza za uwanja wa Piazza della Signoria. Pale unalipia mandhari. Vuka mto Arno uingie mitaa ya Oltrarno, au nenda soko la Sant'Ambrogio kabla ya saa nane mchana, wakati wenyeji nao wanakula.

Menyu huwa nje, isome kabla hujaketi. Fupi na ya kuandikwa kwa mkono ni dalili njema. Ya picha, tena kwa lugha sita, pita. Angalia neno coperto: hiyo ni ada ya kila mtu mezani, unalipa hata usipogusa mkate. Kinyota kando ya jina la chakula kwa kawaida humaanisha kiligandishwa.

Na kama unapenda utumbo, tafadhali usiondoke bila lampredotto. Ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa hadi linalainika kabisa, linakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate ambao muuzaji huuchovya kwenye supu ileile, kisha sosi ya kijani juu. Vibanda vyake viko mitaani, unakula umesimama, na ni euro chache tu.