Kupima namba tasa ya Mersenne kwa kikokotoo cha dukani

Kikokotoo cha tarakimu 12, kile wenye maduka wa Arua, Uganda, wanachopigia hesabu za jioni, kinapima namba za Mersenne mpaka p = 19. Namba hizo ni 2 ikipandishwa kwa kipeo p, kisha unatoa 1. Kwa 19 unapata 524,287, na mraba wake haupiti tarakimu 12. Cha tarakimu 8 hukwama kwenye 17.

Kwanza hakikisha p yenyewe ni tasa, yaani hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Ukitumia 9 utapata 511, ambayo ni 7 × 73. Hata p ikiwa tasa bado hujamaliza: 11 inatoa 2,047. Kabla ya kuhangaika, jaribu vigawo vyepesi. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe 2 × k × p + 1, k ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea, na ukikigawa kwa 8 kibakize 1 au 7. Kwa 11, cha kwanza kabisa ni 23, na 23 × 89 = 2,047. Imeanguka.

Isipoanguka, tumia kipimo cha Lucas na Lehmer. Anza na 4. Piga mraba, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki. Rudia mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa kingine chochote, si tasa.

Kwa p = 7, namba ni 127 na hatua ni 5: 14, 67, 42, 111, 0. Tazama hatua ya tatu: 67 × 67 = 4,489; toa 2, 4,487. Gawa kwa 127, upate 35 na desimali. Tupa desimali, 35 × 127 = 4,445, baki 42. Usijaribu kupata baki kutoka kwenye desimali zenyewe; kikokotoo huzikata.

Wengi hukosea kuhesabu: 4 ya mwanzo si hatua. Kosa moja katikati huharibu kila kinachofuata, wala hutaliona. Kagua kila mraba kwa kutoa tisa, yaani jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja: 67 hujumlika 13, yaani 4, 4 × 4 ni 16, yaani 7, 4,489 nayo hujumlika 25, yaani 7. Sawa.

Namba tasa ya Mersenne aliyoigundua Luke Durant Oktoba 2024 ina p = 136,279,841; hiyo iachie mashine. Idadi ya tarakimu zake unaipata mwenyewe: zidisha p kwa logi ya 2 (ya msingi wa 10), tupa desimali, ongeza 1. Ukitumia 0.30103 tu utapata 41,024,321, imezidi moja. Tumia 0.3010299957, upate 41,024,320. Tarakimu ya mwisho haihitaji kikokotoo: p ukiigawa kwa 4 inabaki 1, kwa hiyo 2 kwa kipeo hicho huishia na 2, na ukitoa 1 inabaki 1.