Kiingereza cha Fomu, Kazini na kwa Daktari: Vitenzi Vinavyofanana Visivyo Sawa

Maneno magumu ya Kiingereza mtu huyatafuta kwenye kamusi. Yanayomponza ni mepesi, kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili mara nyingi hufanya kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kwa vitenzi vitatu au vinne. Katika mazungumzo ya kawaida utaeleweka tu. Kwenye karatasi zenye sahihi yako, mambo ni mengine.

Anza na kuachishwa kazi. Ukimwambia Mswahili mwenzako "nimeachishwa kazi", atakuuliza kulikoni. Kwa Kiingereza sababu imo ndani ya kitenzi chenyewe. "I was fired" ni kufukuzwa, na anayekusikia atadhani ulivuruga jambo. "I was laid off" ni kupunguzwa: nafasi imeondolewa, wewe huna kosa. Waingereza hapo husema "I was made redundant". Tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Uingereza, mwajiriwa aliyefanya kazi mfululizo kwa miaka 2 kwa kawaida ana haki ya malipo ya kisheria akipunguzwa. Marekani, mafao ya kukosa kazi kwa kawaida humwendea aliyepoteza kazi bila kosa lake, na aliyeandika "I quit", yaani niliacha mwenyewe, anaweza kunyimwa. Kama ulipunguzwa, tafadhali usijiandikie kufukuzwa. Na ukiondoka kwa hiari, kwenye barua andika "resign". "Quit" ni ya kusimulia marafiki.

Fomu za uhamiaji ndizo zinazohitaji macho makali zaidi. "Arrested" ni kukamatwa, "charged" ni kufunguliwa mashtaka, "convicted" ni kutiwa hatiani na mahakama. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, inauliza kama umewahi kuwa "arrested or convicted", hata kama baadaye ulisamehewa. Aliyelala mahabusu usiku mmoja akaachiwa bila kesi hajatiwa hatiani, lakini alikamatwa, kwa hiyo swali hilo linamhusu. Fomu nyingine ikiuliza "convicted" peke yake, jibu lake linabadilika. Soma kitenzi kimoja kimoja, na kama kweli una kesi nyuma yako, mwone mwanasheria kabla ya kujaza chochote.

Kisha kuna kukataa. "Refuse" ni kukataa kutenda au kutoa kitu. "Deny" ni kukana, kusema jambo halikuwa hivyo, na pia ni kunyima. Ukitaka kusema ulikataa kutia sahihi, sema "I refused to sign", au "I declined to sign" ukitaka kulainisha. "I denied to sign" si Kiingereza kabisa. "Reject" ni kukataa kitu kilicholetwa mbele yako, na kwa USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji Marekani, neno hilo lina maana yake mahususi. Ombi lililokuwa "rejected" limerudishwa bila kuamuliwa, pengine kwa sababu ada au sahihi haikuwepo. Lililokuwa "denied" limesomwa na kukataliwa. La kwanza kwa kawaida unalirekebisha na kulituma upya. La pili linataka ushauri.

Kwa daktari, kitenzi cha kuchunga ni kusikia. Sisi tunasikia baridi, harufu, njaa na kizunguzungu, ilhali "hear" ni ya masikio tu. Hivyo vingine ni "feel", isipokuwa harufu, ambayo ni "smell". Kuwasha nako kuna sura mbili: "itch" ni kuwasha kunakokufanya ujikune, "burn" ni kuwasha kama pilipili. Ukieleza shida ya haja ndogo, vitenzi hivi viwili vinaweza kumpeleka daktari kwenye vipimo tofauti. Maumivu ya kudumu yasiyo makali sana ni "ache", na yanayopiga kama mapigo ya moyo ni "throb". Na tafadhali: "passed out" ni kuzimia, "passed away" ni kufariki. Ukiyachanganya kwenye simu ya dharura, utapewa pole badala ya gari la wagonjwa.

Barua pepe za kazini zina mtego wake wa adabu. Kudai ni "claim" ukifuatilia haki yako kwa bima, lakini "demand" ni kushurutisha, na bosi ataisoma hivyo. "I expect your reply" ina harufu ya amri. "I hope to hear from you" inapita vizuri. Kuomba kazi ni "apply", kuomba ruhusa ni "ask" au "request". "Beg" waachie wanaolia.

Kukopa na kukopesha ni rahisi ukikumbuka kwamba anayepokea ndiye "borrow", anayetoa ndiye "lend".

Na ukiibiwa, usiwaambie polisi "they stole me", maana hapo uliyechukuliwa ni wewe mwenyewe. "Steal" hufuatwa na kitu, "rob" hufuatwa na mtu: "they stole my phone", "they robbed me". Ila "rob" huashiria nguvu au vitisho, kwa hiyo kama simu ilichomolewa mfukoni bila wewe kujua, baki na "stole".