Urea kwenye ufuta: usimwage yote siku moja
Wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa, mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 una kilo 23 tu za kirutubisho cha naitrojeni, na kwenye mchanga wetu mvua moja kubwa inaweza kuizamisha mbali na mizizi. Gawa mara mbili: kidogo baada ya kupunguzia miche, iliyobaki ufuta unapokaribia kutoa maua. Udongo uwe na unyevu, kisha fukia. Ukiiacha juu juani, sehemu yake inageuka gesi ya amonia na kupaa na hela yako. Ukizidisha, ufuta unarefuka, majani tele, halafu unalala chini (wa jirani yangu ulipendeza kwa macho tu). Palipokuwa na karanga, na majani yake hayakuchomwa, mimi hupunguza urea, maana karanga huacha naitrojeni udongoni.