Stabilaiza ipi uweke kwenye mashine ya nyasi kabla baridi haijaingia

Huku Minnesota, Marekani, Oktoba ikiisha nyasi hazikui tena, mashine inasukumwa kona ya gereji na petroli yake ndani, halafu masika yao yakifika unavuta kamba mpaka bega linauma na haiwaki. Watu wanakimbilia kubadilisha plagi. Plagi mara nyingi haina kosa lolote, iliyokufa ni kabureta, ile sehemu inayochanganya petroli na hewa, na iliyoiua ni yale mafuta yaliyolala humo miezi sita. Ndo maana kuna dawa za kutia kwenye petroli isiharibike, ndo zinaitwa stabilaiza, ila ukifika dukani unakuta rafu nzima ya vichupa na kila kimoja kinajisifu kinafanya yote, na hapo ndo hela inapotea.

Kwanza jua unachopambana nacho. Petroli inachoka mapema kuliko tunavyodhani, Briggs & Stratton ambao injini zao ziko kwenye mashine kibao za nyasi wanasema ndani ya siku 30 tu inaweza kuwa imeshachoka. Sehemu nyepesi zinapaa, zinazobaki zinakutana na hewa zinageuka kitu kama gundi ya kahawia, na ile jeti ya kabureta tundu lake ni jembamba kama sindano kwa hiyo gundi kidogo tu inaziba. Pili kuna ethanoli. Sheli nyingi za Marekani petroli ya kawaida ina ethanoli mpaka asilimia 10, na ethanoli inapenda maji, inavuta unyevu wa hewani taratibu, ukizidi ethanoli na maji vinajitenga na petroli vinashuka chini ya tangi, na chini ndo injini inakonyonya. Ikishafika hapo imekwisha, hakuna kichupa kinachoirudisha hata lebo iseme nini. Stabilaiza inatunza mafuta mazima, haifufui yaliyokufa, kwa hiyo usinunue dawa ukaimimina kwenye dumu la tangu Julai ukadhani umeokoa kitu.

Na pale sheli angalia unabonyeza kitufe gani. Ile iliyoandikwa Unleaded 88 ni rahisi kidogo lakini ina ethanoli asilimia 15, na hairuhusiwi kisheria kwenye injini ndogo. E85, yenye ethanoli mpaka asilimia 85, ndo usiiguse kabisa. Hapa Minnesota kuna sheli zina pampu ya petroli isiyo na ethanoli kabisa, sheria ya jimbo inairuhusu kwa ajili ya boti, pikipiki, magari ya kizamani, injini ndogo na vitu kama hivo, bei imechangamka lakini kwa galoni moja mbili za kulaza mashine mimi naona inalipa. Hata hiyo nayo inataka stabilaiza, maana shida ya maji umeipunguza sana ila gundi iko palepale.

Sasa vichupa. Kwa kulaza mashine unatafuta kilichoandikwa kwamba ni cha kuhifadhi mafuta. STA-BIL nyekundu ndo utaikuta kila mahali, aunsi 1 kwa galoni 2 na nusu, wenyewe wanasema inatunza mpaka miezi 24. Kuna ndugu yake STA-BIL 360, hiyo aunsi 1 inatosha galoni 5, muda wanaosema ni miezi 12, lakini inatoa mvuke unaokinga chuma kilicho juu ya mafuta kisishike kutu. Kwa hiyo kama tangi lako ni la chuma, mfano jenereta, nenda na 360. Kama ni la plastiki kama mashine nyingi za kusukuma, nyekundu inatosha sana usijisumbue.

Halafu kuna Sea Foam ambayo mafundi wengi wanaipenda, na kiukweli ni nzuri kwa sababu inasafisha pia, ila piga hesabu, kwa kuhifadhi wanataka aunsi 2 kwa kila galoni, yaani dumu la galoni 2 na nusu linakula aunsi 5 wakati STA-BIL ingekula 1. Mimi naipeleka kwenye mashine iliyoanza kukohoa au kuunguruma juu chini, kwenye iliyo nzima ni kuunguza hela tu.

Vinavyowachanganya watu ni HEET na wenzake. Hivo ni alkoholi ya kuondoa maji kwenye mafuta ya gari wakati wa baridi, siyo stabilaiza, na petroli yako tayari ina alkoholi sasa unaongeza nyingine ya nini? Vya kupandisha okteni, kile kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo kwenye injini, pia achana navyo, mashine ya nyasi haina habari na okteni.

Kwa wenye misumeno ya miti na trima zile za kuchanganya oili na petroli, kabla hujanunua dawa soma chupa ya oili yako, oili nyingi za tustroki zimeshawekewa stabilaiza humohumo. Na hizi ndizo mashine ambazo mafuta ya kopo kama TruFuel yana maana, hayana ethanoli, yameshachanganywa, ukifungua kopo wanasema linakaa mpaka miaka miwili. Bei kwa galoni inatisha, ukilinganisha na sheli utacheka, lakini trima inakunywa kidogo na kabureta zake zina viwambo vya mpira ambavyo ethanoli inavikausha. Mwaka mzima tumia ya sheli, ile ya mwisho kabla ya kuilaza weka ya kopo.

Jinsi ya kufanya sasa, na hapa ndo wengi wanapokosea hata wakiwa na dawa nzuri. Dawa inaanza kuingia kwenye dumu tupu, kwa kipimo, kisha unaenda sheli kuweka petroli juu yake ijichanganye yenyewe. Kuzidisha kidogo hakuharibu kitu ila kumimina nusu chupa hakukuongezei miaka. Ukirudi jaza tangi karibu lijae, acha nafasi kidogo ya mafuta kutanuka, tangi likijaa hewa ya kuleta unyevu inakosa pa kukaa. Halafu washa mashine iungurume dakika 5 mpaka 10, HII USIIRUKE, maana ukimimina dawa kwenye tangi ukafunga gereji, ndani ya kabureta bado kuna mafuta ya zamani na ndiyo yatakayoganda. Fanya nje jamani, siyo ndani ya gereji hata kama mlango uko wazi, ule moshi wa kaboni monoksaidi hauna harufu na unaua.

Kama mashine ina koki ya mafuta, ifunge ikiwa bado inawaka, iache inywe yaliyobaki mpaka ijizimie yenyewe, hapo kabureta imebaki karibu tupu. Kuna wanaobisha kwamba bora kukausha tangi zima, sawa, inawezekana, ila lazima ukaushe kwelikweli mpaka bakuli la kabureta, ukibakiza matone ndo hayohayo yanageuka gundi. Ukiwa hapohapo badilisha na oili, injini bado ya moto inatoka vizuri.

Wale mnaotuma jenereta au mashine nyumbani kwenye kontena, hii ya kujaza tangi haiwahusu. Kausha kila kitu, wasafirishaji hawapokei mashine ina petroli ndani. Stabilaiza unaweza kuitumia kabla, ipitie kabureta, ndo umwage.

Kichupa ukikifungua andika tarehe kwa maka peni, STA-BIL wanasema kitumike ndani ya miaka miwili. Na mafuta ya zamani yaliyonuka kama rangi usimwage kwenye mtaro wala kwenye nyasi, kaunti zina vituo vya kupokea taka za sumu za majumbani, piga simu kwanza uulize saa zao maana vingine havifunguliwi kila siku.