Ukienda kumtembelea mwanao Idaho

Tangu nirudi Bukavu, wazazi wenye watoto Marekani wanakuja kwangu mtaa wa Nguba kuniuliza habari za huko. Wengi huulizia ndege na baridi. Mimi nawaambia ndege si tatizo, baridi ina makoti. Kilichonisumbua ni sheria za kijijini, maana hazina askari barabarani wala kizuizi cha kamba. Watoto wetu wanafanya kazi usiku na mchana, hawana muda wa kutueleza, na wao wameshazizoea hata hawazioni. Basi zijue kabla hujaondoka.

Binti yangu na mume wake walipelekwa jimbo la Idaho wakitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Wanaishi nje ya mji wa Twin Falls, katikati ya mashamba ya viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Nilikaa kwao kuanzia Mei hadi Septemba 2024.

Makaratasi nayapitia haraka. Viza ya matembezi niliiomba ubalozini Kinshasa: unajaza fomu ya DS-160, unalipa ada (mimi wakati ule nililipa dola 185), na hiyo hairudi hata ukikataliwa. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, sema kweli na kwa ufupi. Nunua bima ya afya ya safari, usiseme Mungu atanilinda, kwa sababu Mungu analinda lakini bili ya hospitali italetwa kwa mwanao.

Mizigo: nilibeba sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, nikaziandika kwenye tangazo la forodha, afisa akaangalia na kunirudishia. Nyama usibebe, matunda mabichi usibebe, mbegu usibebe. Kila chakula kitangaze, hata kile unachodhani ni kidogo. Anayetangaza kisichoruhusiwa hunyang'anywa tu. Anayekificha hutozwa faini.

Nilivuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, nikapanda ndege Kigali, nikapita Addis Ababa na Chicago mpaka Boise, mji mkuu wa jimbo. Kutoka Boise hadi Twin Falls ni kilomita zaidi ya 200, na tulitumia saa mbili tu. Hapo uwanjani ndipo nilipokutana na sheria ya kwanza. Nilinyoosha mikono nimpokee mjukuu wa miaka mitatu nimpakate, binti yangu akasema, «Hapana mama, hapa hatupakati.» Mtoto wa miaka sita kushuka chini lazima afungwe kwenye kiti chake. Hata kulia hakumtoi humo. Na dereva haruhusiwi kushika simu mkononi, hata akiwa amesimama kwenye taa. Basi la shule la njano likiwasha taa nyekundu kwenye barabara ya njia mbili, magari ya pande zote mbili yanasimama, kwa sababu mtoto anaweza kukatiza.

Usiku mwombe mkwe wako apunguze mwendo, na usione haya kumwambia. Barabara kuu huko inaruhusu mpaka maili 80 kwa saa, karibu kilomita 129. Lakini ukiiacha hiyo ukaingia nyikani, kuna maeneo ya malisho huru ambako ng'ombe wanatembea bila uzio. Sisi wa Kivu tumezoea kwamba ng'ombe akiingia mahali asipotakiwa, mwenye ng'ombe ndiye anaitwa kwa chifu. Huko ni kinyume: ukimgonga ng'ombe kwenye malisho huru, mwenyewe hakulipi gari lako, na wewe unaweza kudaiwa bei ya ng'ombe.

Sasa niwaambie habari ya lengalenga, yaani mchicha, maana hapa ndipo mama yeyote wa Bukavu anaweza kujikwaa.

Wiki ya tatu nilikuwa natembea asubuhi, nikaona pembeni ya shamba la mahindi lengalenga imejiotea yenyewe, mbichi, hakuna anayeichuma. Kwao ni magugu. Nikavuka mfereji, nikafungua kitenge, nikaanza kuchuma. Mwenye shamba alikuja na gari lake, akashuka taratibu. Kiingereza changu ni kidogo, akanionyesha kwa kidole nguzo ya uzio: ilikuwa imepakwa rangi ya machungwa. Mimi nilidhani ni pambo. Kumbe Idaho rangi hiyo kwenye nguzo inasema «usiingie» sawasawa na kibao. Na shamba lililolimwa halihitaji hata rangi. Ukiingia bila ruhusa umevunja sheria. Kisha akanionyesha tanki la dawa ya kuua magugu. Majani niliyokuwa nimeshika yalikuwa yamepuliziwa. Nilitetemeka, kwa sababu ningewapikia wajukuu jioni ile.

Kwa hiyo fanya hivi: siku za kwanza, kabla hujatoka peke yako, mwambie mwanao akutembeze kwa miguu akuonyeshe mipaka. Huyu ni nani, hapa ni kwa nani, wapi panaruhusiwa. Mahali pa kutembea hapakosekani, maana zaidi ya nusu ya ardhi ya Idaho ni ya serikali ya shirikisho na sehemu kubwa iko wazi kwa watu. Ukitaka mboga, omba kwanza. Jirani mwingine alituruhusu kuchuma kwenye bustani yake isiyopigwa dawa, na tulikula bugali na lengalenga mpaka Agosti. Mifereji nayo iogope: wakati wa kiangazi imejaa, maji yanakwenda kwa nguvu, kingo zinateleza. Maji yenyewe yana wenyewe kisheria, hata kuyachota ovyo usijaribu.

Kuhusu kulea wajukuu nitasema wazi. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31 na fimbo nimeishika. Kule iache. Sheria ya Idaho inamtaka kila mtu anayeshuku mtoto anaumizwa atoe taarifa ndani ya saa 24. Si mwalimu na daktari peke yao, hata jirani. Mbele ya binti yangu nilinyamaza, nikajifunza kumkalisha mtoto kitini na kungoja. Ilinichukua muda, lakini alitulia. Na mama mmoja jirani aliponiomba nimlindie mtoto kwa dola, nilikataa: viza ya matembezi hairuhusu kazi ya malipo.

Mjukuu mkubwa, wa miaka 11, alinipeleka kuvua Mto Snake. Yeye hahitaji leseni, ni mkaazi na hajafika miaka 14. Mimi nilikaa kando, ndoano sikuigusa, kwa sababu mgeni mtu mzima lazima anunue leseni.

La mwisho ni tarehe. Siku zako za kukaa haziamuliwi na tarehe ya viza, bali na afisa wa uwanja wa kwanza unaoingilia. Mimi nilipewa miezi sita pale Chicago. Binti yangu alitafuta rekodi yangu kwenye intaneti, akaandika tarehe ile kwa herufi kubwa, tukaibandika mlangoni mwa friji, na kila asubuhi nikichukua maziwa niliiona.