Ukimpa binamu kadi yako, benki haitamwita mwizi

Nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa pili Marekani, mtoto wa shangazi aliniomba nimlipie ada ya mtihani mtandaoni. Nilikuwa zamu ya usiku, nikaipiga picha kadi yangu ya debiti (ile inayokata hela moja kwa moja akauntini) mbele na nyuma, nikamtumia WhatsApp. "Lipa hiyo moja tu." Akailipa. Wiki tatu baadaye nakuta dola 640 zimekatwa vipande vipande: vocha, tiketi za basi, kamari.

Nikapiga simu benki, nimevimba kabisa: nimeibiwa! Dada aliyepokea akauliza swali moja. Namba za kadi alizipata wapi? Nikasema ukweli, na kesi yangu ikafia hapo.

Isome hii mara mbili. Ukimpa mtu kadi ya debiti kwa hiari yako, hata kwa malipo ya mara moja, akizidisha ni juu yako, mpaka utakapoiarifu BENKI kwamba huyo hana ruhusa tena. Mimi nilimkataza binamu, tena kwa ukali. Benki sikuiambia kitu. Narudia: kumgombeza ndugu hakuhesabiki, iambie benki.

Aliyeibiwa kweli analindwa vizuri. Kwa kadi ya mkopo, sheria haikubebeshi zaidi ya dola 50. Debiti ni kali zaidi: kadi ikipotea ukatoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue, mwisho wako ni dola 50, ukichelewa, 500. Ukipitisha siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti, kinachoibwa baada ya hapo chaweza kwenda chote. Ndiyo maana mtandaoni sasa natumia kadi ya mkopo tu.

Hatua zenyewe ni fupi: funga kadi kwenye programu ya benki, piga namba iliyo nyuma ya kadi, kisha fuatisha barua. Kama wamekuibia mpaka utambulisho, jaza ripoti IdentityTheft.gov, tovuti ya serikali ya Marekani.

Sisi tumezoea kukimbilia polisi tuandikiwe OB au RB kwanza. Hapa anza na benki. Usitegemee kumwona mwizi wa dola mia tatu kizimbani. Mimi sijasikia hata mmoja. Benki inakurudishia, halafu hasara inasukumwa. Manunuzi ya mtandaoni mara nyingi humwangukia mwenye duka, na tangu Oktoba 2015 dukani hubebeshwa yule ambaye hajaweka mashine ya kusoma chipu. Wenyeji wameuzoea wizi wa kadi kama mvua: kila mtu na mwavuli wake, habari ya nani kaileta hawana. Mimi jambo hili bado linanikera.

Nanyi ndugu wa nyumbani, kwa upendo: kadi ya mtu si pochi ya ukoo. Mkihitaji ada, tumeni namba ya malipo ya shule, tutalipa wenyewe. Msituombe zile namba tatu za nyuma.

Jambo jingine. Uchunguzi wa debiti ukizidi siku 10 za kazi, kwa kawaida benki hukuwekea hela kwa muda huku ikiendelea. Usiitume kwa mtu. Wakiamua kinyume chako wanaichukua tena, na hawaulizi kama bado ipo.