Somo: Kupunguza msururu wa goto na kfree kwenye draiva ya video ya Linux

Wadau, somo hili ni la wanaoandika au kukarabati draiva za video kwenye kerneli ya Linux, wanaojua C na walioshawahi kujenga moduli. Kuomba memori hakumsumbui mtu. Kinachosumbua ni kuirudisha kwa kfree: nani airudishe, na lini. Hapo ndipo probe (fanksheni inayoitwa draiva inapokutana na kifaa) inapojaa lebo za goto kuliko kazi yenyewe.

Hatua ya 1: Safisha maombi

Hii ni nyepesi. Penye kmalloc inayofuatiwa na memset ya sifuri, weka kzalloc. Safu ya vitu iombe kwa kcalloc, maana hukagua kama kuzidisha idadi kwa ukubwa kumefurika. Na ule ujumbe wa "memori imeisha" unaobandikwa kila baada ya kmalloc, futa. Ombi likishindikana kerneli yenyewe humwaga ripoti, labda uwe umeizuia kwa __GFP_NOWARN. Rudisha -ENOMEM, basi.

Hatua ya 2: Jua mwenye memori

Kabla hujagusa goto hata moja, pitia kila ombi ujiulize memori hiyo inatakiwa iishi hadi lini. Ipo ya muda, inayokufa ndani ya fanksheni moja. Ipo inayoishi kadiri draiva inavyoshikana na kifaa. Na ipo inayoweza kuguswa na programu iliyofungua faili la kifaa kama /dev/video0 au /dev/dri/card0. Dawa zake ni tofauti, na wengi huharibu kwa kuzipa zote dawa moja.

Hatua ya 3: Zile mbili za mwanzo

Ya muda, kuanzia kerneli 6.5 ya 2023, itangaze kwa __free(kfree) na itajifuta fanksheni ikiisha. Ya kifaa tumia devm (maombi yanayofungwa kwa kifaa, kerneli ikayafuta yenyewe), iliyopo tangu 2007:

```
d = devm_kzalloc(dev, sizeof(*d), GFP_KERNEL);
if (!d)
        return -ENOMEM;
d->tbl = devm_kcalloc(dev, n, sizeof(*d->tbl), GFP_KERNEL);
if (!d->tbl)
        return -ENOMEM;
```

Hakuna lebo, na kfree za kwenye remove (fanksheni inayoitwa draiva ikiachana na kifaa) zinaondoka. Probe ikishindwa au draiva ikiachana na kifaa, vitu huachiliwa kinyumenyume: kilichoombwa mwisho hutoka kwanza.

Ila usifanye nusunusu. Tuseme intarapti umeiomba kwa devm_request_irq, huku bafa unaifuta kwa mkono ndani ya remove. Remove inamaliza kwanza, devm inafuata nyuma yake. Katikati hapo intarapti ikipiga, inasoma bafa iliyokwisha kufutwa.

Hatua ya 4: Inayoshikwa na programu

Kamera ya USB inarekodi, mtu anaichomoa. Draiva inaachana na kifaa, devm inafuta kila kitu, lakini programu bado imelishikilia faili. Ioctl (amri ya programu kwa kifaa) inayofuata, au hata close tu, inagusa memori isiyokuwepo. Kwa hiyo struct kuu ya draiva ya V4L2 (mfumo wa kerneli wa kamera na video) iombe kwa kzalloc ya kawaida na uifute ndani ya release ya v4l2_device, inayoitwa mtumiaji wa mwisho akishaondoka.

Kwa DRM (mfumo wa kerneli wa kadi za picha) kazi imerahisishwa tangu 2020: struct kuu iombe kwa devm_drm_dev_alloc, na vinavyoambatana nayo kwa drmm_kzalloc. Jina la ile ya kwanza linapotosha kidogo, kwani memori yake haifutwi draiva inapoachana na kifaa bali rejeo la mwisho la drm_device likiachiliwa. Kugusa rejista za kifaa bado kuzungushie drm_dev_enter na drm_dev_exit, zinazokagua kama kifaa bado kipo.

Hatua ya 5: Jaribu kuivunja

Washa KASAN (hunasa memori inayoguswa ikiwa imeshafutwa) na kmemleak (hunasa isiyorudishwa). Fungua kifaa kwa programu, kisha andika jina la kifaa kwenye faili la unbind la draiva ndani ya sysfs huku programu ikiendelea, ndipo uifunge. Halafu washa failslab ili maombi yashindwe makusudi; njia za makosa ndizo ambazo hakuna anayezipita siku za kawaida.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, bafa za fremu nazo niziombe kwa devm_kzalloc?*

Hapana. Fremu ya 1920×1080 yenye baiti 4 kwa pikseli ni baiti 8,294,400, na kmalloc kwenye mashine yenye kurasa za KB 4 kwa kawaida huishia MB 4. Iachie mifumo ya kusimamia bafa: videobuf2 upande wa V4L2 na GEM upande wa DRM.

*Niliyoiomba kwa devm naweza kuiita kfree nikiihitaji mapema?*

Usithubutu. Anwani unayopewa haianzii mwanzo wa kipande chenyewe, kwa hiyo kfree itaharibu memori. Ipo devm_kfree, ingawa ukiona unaihitaji mara kwa mara basi memori hiyo haikustahili devm.

*Nina draiva ya zamani, inafanya kazi vizuri. Niibadilishe yote?*

Kifaa chenyewe unacho mezani? Kama huna, ishia hatua ya 1. Kuhamishia devm bila kujaribu hubadilisha mpangilio wa kufuta, na wasimamizi wengi hawapendi pachi za namna hiyo.